Baiskeli ya mbio ya chuma: yasemwayo barazani na yapimwayo kwa rula

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo kila baraza la Ngamiani lina mjuzi wake. Ushauri mwingi umetokana na baiskeli za mizigo, Phoenix na ndugu zake, na huko unafaa kabisa. Matata huanza ukihamishiwa kwenye fremu nyembamba ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980 iliyoingia na mitumba, na mwenyewe anataka kuivalisha gia za kisasa.

“Tairi la 28 ni la 28 tu.”

Sivyo. Tairi la baiskeli ya mizigo, 28 x 1½, hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Rimu ya mbio ya siku hizi, 700C, ni 622, na baadhi ya tairi zake nazo zimeandikwa 28. Katikati yake kuna inchi 27 ya zamani, ambayo ni 630. Tairi la 635 huingia kwenye rimu ya 622 kwa ulaini wa kufurahisha, kisha huchomoka likijazwa upepo. Achana na inchi, soma ubavuni namba zenye kistari: 28-622 maana yake upana 28, kipenyo 622.

Ukitoka 630 kwenda 622, raba za breki zishuke milimita 4. Zisipofika, tafuta breki za mkono mrefu, wa milimita 47 hadi 57. Raba inayogusa tairi badala ya rimu hulila ubavu mpaka linapasuka. Na kama rimu za zamani ni za chuma chenye kromu, zitoe bila huruma: wakati wa masika hazishiki. Aluminiamu hushika vizuri zaidi.

“Gurudumu la kisasa haliingii fremu ya zamani bila kukata na kuchomelea.”

Hapa ndipo fremu nzuri huharibiwa bure. Pima kwa rula nafasi ya ndani kati ya masikio mawili yanayoshika ekseli ya nyuma. Fremu za gia 5 kwa kawaida ni milimita 120, za gia 6 au 7 ni 126. Gurudumu la mbio la gia 8 hadi 10 linahitaji 130. Kutoka 126, kila upande unasogea milimita 2 tu, na chuma hukubali kukunjwa kikiwa baridi. Aluminiamu na kaboni usijaribu.

Kosa la kawaida ni kutumia fimbo ya nyuzi (iliyochongwa kama skrubu) na nati kusukuma pande zote mbili kwa pamoja. Upande laini ndio unaokubali, mwingine unabaki palepale, na gurudumu linakaa upande. Kunja mmoja mmoja kwa wenzo wa mbao, kidogo kidogo, maana chuma hurudi nyuma ukikiachia. Kila mara funga uzi kwenye sikio moja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi sikio la pili. Umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti uwe sawa kushoto na kulia. Mwisho nyoosha masikio yatazamane sambamba. Yakienda mshazari ekseli hupinda, na siku moja hukatika.

“Nguzo ya kiti ikiganda, ipashe moto.”

Moto huikaza zaidi. Nguzo ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya bomba la chuma linaloishika. Kilichoigandisha ni metali mbili zilizokutana kwenye unyevu wa chumvi, na upepo wa bahari haukosekani hapa. Geuza fremu kichwa chini, mimina mafuta ya kupenya kwa ndani, acha siku mbili tatu. Kisha bana nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu yenyewe, ndiyo wenzo mrefu ulio nao. Nguzo mpya pakaa grisi, na upime kipenyo kwanza: huuzwa kwa hatua za milimita 0.2, na 27.0 ndani ya bomba la 27.2 itateleza.

“Ikipakwa rangi imepona.”

Kutu inayoua fremu iko ndani. Gonga kwa bisibisi chini ya krenki na kwenye ncha za mabomba ya nyuma. Mlio mzito au sehemu inayobonyea, iache fremu hiyo. Iliyo nzima, mwagia mafuta mazito kila bomba, izungushe, na hakikisha tundu la kutolea maji chini ya krenki halijazibwa na rangi.

“Kikombe cha krenki hufunguliwa kushoto.”

Inategemea. Kikombe ni kile kinachoshika beringi za ekseli ya krenki, nacho hufungwa kwa nyuzi kama skrubu. Kwa nyuzi za Kiingereza, bomba la krenki likiwa na upana wa milimita 68, kikombe cha upande wa mnyororo ndicho hufunguka kwa mwendo wa saa. Cha Kiitaliano, milimita 70, pande zote hufunguka kinyume cha saa. Pima kabla hujaingiza nguvu, maana nyuzi zikishasagika hakuna kikombe kitakachoshika.