Vumbi na moshi ndani ya gari la zamani: tafuta kwanza njia ya hewa

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa malalamiko ya vumbi huwa yameshabadilishwa raba za milango, yakapulizwa manukato, na bado baada ya safari moja ya barabara ya udongo dashibodi inaandikika kwa kidole. Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba vumbi huingia kwa sababu tu kuna tundu. Tundu ni njia. Kinacholivuta vumbi lipite ni tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje. Gari linapokwenda, huipasua hewa kwa mbele na kuacha mgongoni mwake eneo lenye mgandamizo hafifu, ambamo vumbi la magurudumu na moshi wa bomba lake lenyewe huzunguka pamoja. Ndiyo maana kioo cha nyuma cha gari lenye mgongo wima huchafuka upesi, na ndiyo maana raba iliyolala ya mlango wa buti huleta madhara makubwa kuliko tundu la ukubwa uleule kwingineko.

Kabla ya kushughulikia vumbi, namwomba mwenye gari tumalize habari ya moshi. Moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu hawezi kuipima kwa pua. Mama mmoja aliniambia, "Fundi, watoto wakikaa siti ya nyuma wanaumwa kichwa, mimi mbele sisikii kitu." Nililiinua gari nikakuta bomba limeoza nyuma kidogo ya sailensa, na juu ya mahali hapohapo plagi ya mpira ya sakafuni imedondoka, ikaacha tundu linalotosha kupitisha kidole gumba. Nilipobandua kapeti, upande wake wa chini ulikuwa na duara jeusi la masizi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata siku moja zaidi, vioo viwe wazi au vimefungwa, mpaka bomba litengenezwe. Kuziba tundu la sakafu peke yake hakutoshi, kwa sababu moshi utatafuta upenyo mwingine.

Uvujaji wa mbele huwa mgumu zaidi kuutambua. Gasketi (kizibo cha maungio) ya manifoldi ya moshi, yaani bomba la kwanza linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, ikipasuka, injini ikiwa baridi utasikia mlio wa kugonga wa harakaharaka, ambao mara nyingi hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Kando ya mwanya utaona masizi. Mimi hupaka maji ya sabuni kwenye maungio asubuhi, kabla chuma hakijapata moto, gari likiwa uwanjani, huku msaidizi akizuia kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene. Mapovu yanaonyesha penye mwanya. Harufu ya oili inayoungua nayo mara nyingi hutokana na gasketi ya kifuniko cha juu cha injini kuvujisha matone juu ya manifoldi. Halafu kuna raba ndefu iliyo kwenye ukingo wa nyuma wa boneti, ambayo watu huiona kama pambo. Kazi yake katika magari mengi ni kuzuia hewa chafu ya injini isifike kwenye matundu ya kuingizia hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, na katika magari ya zamani ninayopokea, mara nyingi imekatika au haipo kabisa.

Kwa vumbi, nasubiri giza. Naketi ndani ya gari, milango na vioo vimefungwa, kisha msaidizi anapitisha tochi kali polepole kandokando ya milango, chini ya sakafu, na ndani ya boneti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Penye uzi wa mwanga pana njia ya hewa. Mara nyingi huonekana kwenye mpira unaopitisha nyaya, kwenye kifuko cha mti wa gia, na pale mti wa usukani unapopenya. Milango ina mikunjo inayoficha mwanga, kwa hiyo naipima kwa kupaka chaki kwenye raba, kufunga, kisha kufungua: mstari wa chaki uliokatika kwenye bodi unaonyesha raba imelala wapi. Pengine raba ni nzima na bawaba ndizo zimelegea.

Naomba sana, usizibe vitundu vilivyo ukingoni chini ya milango, kwa maana ndivyo vinavyotoa maji ya mvua. Ukiviziba mlango utaoza kwa ndani. Vivyo hivyo matundu ya kutolea hewa, ambayo katika magari mengi hufichwa nyuma ya bampa, yana vibati vya mpira vinavyofunguka kuelekea nje tu. Vikikakamaa vikiwa wazi, vibadilishe. Ukiyaziba moja kwa moja, hewa safi itakosa pa kutokea, na feni itashindwa kuiingiza ya kutosha.

Baada ya hapo feni inakuwa chombo chako kikuu. Kwenye barabara ya vumbi wengi hubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, lakini katika gari lenye raba chakavu hatua hiyo mara nyingi huongeza vumbi, kwa sababu feni haisukumi tena hewa kutoka nje na mgandamizo wa ndani unashuka. Funga vioo vyote, acha hewa ya nje iingie kupitia chujio, weka feni juu ya wastani, na hewa itakuwa ikitoka kwenye nyufa badala ya kuingilia humo. Kitufe kile kitumie kwa dakika chache ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi mzito, kisha kizime, kwani pumzi za abiria hujaza kaboni dioksidi na dereva huanza kusinzia.

Yote haya yanahitaji chujio, na magari mengi ya zamani hayana. Mengine yana nafasi yake tupu nyuma ya droo ya dashibodi, kwa hiyo fungua uangalie, na ukiweka jipya fuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Lenye mkaa hupunguza harufu na baadhi ya gesi, ila kaboni monoksidi hupita humo bila kuzuiwa.