Propela ya mbao kwa hewa ya Dodoma

Vijana wanaokuja kwenye karakana za chuo chetu wakiwa na michoro ya ndege ya kujiundia huanza, karibu wote, na swali la injini. Ya pikipiki itatosha? Ya Volkswagen ya zamani inapatikana wapi? Ni maswali ya msingi, lakini injini peke yake hairushi kitu. Kinachogeuza nguvu yake kuwa msukumo ni propela. Anayetaka kujifunza ufundi wa ndege ndogo hapa Dodoma namshauri aanze na propela ya mbao, aichonge mwenyewe, aifunge kwenye jukwaa la majaribio chini ardhini, na habari ya kuruka aiweke kando mpaka ameielewa.

Kila panga la propela ni bawa linalozunguka: lina mgongo uliopinda, tumbo lililo karibu bapa, na huikabili hewa kwa pembe ndogo. Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walilitambua hilo kabla ya kurusha ndege yao ya injini kule Marekani tarehe 17 Desemba 1903. Propela zao mbili, zilizochongwa kwa matabaka ya mbao ya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, zilikuwa na kipenyo cha mita 2.6 hivi na ziligeuza takriban asilimia 75 ya nguvu ya ekseli kuwa msukumo. Propela nzuri ya leo isiyobadilika pembe hufikia asilimia 80 na ushei. Zaidi ya karne imepita na tofauti ni ndogo kiasi hicho, kwa hiyo kijana asidhani kwamba kazi ya mbao imepitwa na wakati.

Panga husokotwa kwa sababu ncha husafiri njia ndefu kuliko shina katika mzunguko uleule. Chukua propela ya kipenyo cha mita 1.5 yenye hatua ya mita 1, yaani kama ingejikaza mbele kama parafujo kwenye ubao, kila mzunguko ungeisogeza mita moja. Sentimita 25 kutoka katikati, pembe ya panga inatakiwa iwe nyuzi 32 na nusu. Sentimita 50 inashuka hadi karibu 18, na nchani, sentimita 75, inabaki 12. Hesabu yake ni ya sekondari: gawanya hatua kwa mzingo wa duara la sehemu hiyo, kisha tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu ulilopata. Kwa kila kituo, yaani kila umbali uliopima kutoka katikati, unakata kiolezo cha plaiwudi, nacho ndicho kinachoiongoza randa. Jicho halitoshi hapa, hata la fundi mzoefu.

Sasa tuje kwenye hewa yetu. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 30, kila mita ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa kama kilo 1.02, wakati kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari ni kilo 1.225. Kwa ndege, mchana huo ni sawa na kuwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuikandamizia hewa, inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, na msukumo wa propela unashuka kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Mabawa nayo yanadai mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 10 hivi ndipo ndege inyanyuke. Ukijumlisha yote, umbali wa kukimbia ardhini unaweza kuongezeka kwa karibu nusu. Ndiyo maana siafiki kunakili propela iliyofanya vizuri Dar es Salaam. Hapa kwetu kipenyo kikubwa kidogo na hatua fupi kidogo vinafaa zaidi: unaacha sehemu ya mwendo wa safari angani, unapata nguvu ya kuondoka na kupanda. Majaribio ya kwanza yafanyike alfajiri, kabla joto halijapanda na kabla vimbunga vya vumbi vya mchana havijaanza kuzunguka mbugani.

Kipenyo nacho kina ukomo. Propela ya mita 1.5 ikizunguka mara 2,600 kwa dakika, ncha zake huenda mita 204 kwa sekunde. Sauti, katika hewa ya nyuzi 30, husafiri mita 349 kwa sekunde. Ncha ikikaribia mwendo huo, kelele huongezeka na ufanisi huporomoka. Ncha za mbao huwa nene kuliko za chuma, hivyo mimi nisingependa zivuke saba ya kumi ya mwendo wa sauti.

Kuhusu mbao kuna mengi ya kusema. Mpingo tuuondoe mapema: ni mzito mno, huzama majini. Msaji una mafuta yanayoisumbua gundi. Misonobari ya mashambani hukua haraka, na mbao zake nyingi zina vifundo. Kwa propela ninaupendelea mninga, kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka na umbo lake hutulia, ingawa nyuzi zake mara nyingi hupishana na lazima uchague vipande kwa subira. Mkangazi ni mwepesi zaidi na hupokea gundi vizuri. Nunua mbao yenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kisha usiiguse kwanza. Mbao iliyotoka kwenye mikoa yenye unyevu itaendelea kukauka katika kiangazi chetu. Ipange kwa vijiti kati ya ubao na ubao, kivulini, na uipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, imezoea hewa ya hapa. Anayeruka hatua hii atatengeneza propela safi itakayojipinda kabla haijazungushwa.

Ubao mmoja mnene hautufai. Tunatumia tabaka sita au saba za unene wa milimita 20 hivi, nyuzi zikienda kwa urefu wa panga, na kila ubao unapimwa ili upande mzito wa huu ukae na upande mwepesi wa ule. Gundi iwe ya epoksi au ya resosino. Gundi nyeupe ya kabati na vitanda huteleza polepole ikibebeshwa mzigo wa kudumu kwenye joto. Ukimaliza kuchonga, pitisha ekseli laini kwenye kitovu na uiache propela ijitulize: panga linaloshuka ndilo zito, na tofauti ndogo husawazishwa kwa vanishi kwenye ncha nyepesi. Ukingo wa mbele uupe kinga ya bati la shaba au kitambaa cha glasi na epoksi, maana kokoto na vumbi la viwanja vyetu hula mbao haraka.

Kwa nini usumbufu wote huu? Panga moja la kilo 1.2, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 30 kutoka katikati, linavutwa nje kwa nguvu ya karibu tani 2.7 likizunguka mara 2,600 kwa dakika. Boliti za kitovu kazi yake ni kuibana mbao kwenye flenji, yaani sahani ya chuma ya ekseli ya injini, kwa nguvu sawa pande zote, ili msuguano ndio usafirishe nguvu ya injini. Mbao ikisinyaa wakati wa kiangazi boliti hulegea, mbao husugua flenji na kuungua. Mvua zikianza, hunyonya unyevu na kujiponda chini ya sahani ya chuma. Kwa hiyo zikague baada ya jaribio la kwanza, kisha kila saa 25 hivi, na kila majira yanapogeuka. Ndege ikiegeshwa, mapanga mawili yalale mlalo, la sivyo unyevu hukusanyika kwenye panga la chini.

Kwenye jukwaa la majaribio, mizani ya kuning'iniza inatosha kupima msukumo. Andika mizunguko, msukumo, joto na saa. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa duara la mapanga, hata kwa sekunde ya kupiga picha.

Ukishafika hapo, fremu ya ndege ina hatari zake nyingine. Mfaransa Henri Mignet alibuni mwaka 1933 ndege ndogo ya mbao na kitambaa, HM.14, ambayo watu wa kawaida wengi walijiundia. Ilipoinamisha pua sana, hewa kati ya mabawa yake mawili ilizuia isinyanyuke tena, na watu walikufa. Vipimo vya handaki la upepo vilivyofanywa Ufaransa na Uingereza mwaka 1936 ndivyo vilivyoonyesha kasoro hiyo. Michoro mizuri na mikono mizuri havikutosha kuigundua.

Kwa hapa kwetu mlango wa kugonga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Bila usajili, kibali cha ubora wa kuruka na rubani mwenye leseni, ndege haipaswi kunyanyuka hata mita moja. Peleka michoro kabla ya kukata ubao wa kwanza wa bawa, kwa kuwa mkaguzi anahitaji kukiona kila kiungo na gundi yake kabla kitambaa hakijakifunika.