Sanamaki haifiki kichwani

Ujumbe umerudi tena kwenye magrupu. Safari hii una picha ya utumbo mweusi na mshale mwekundu unaopanda hadi kwenye ubongo, na chini yake bei ya chupa ya sanamaki, yale majani ya kuharisha: kunywa siku saba, toa uchafu wote, uzeeni hutatetemeka wala kusahau. Zamani ningeupita tu. Siku hizi wameanza kutaja utafiti, na utafiti wenyewe upo, kwa hiyo siwezi kusema "uongo" nikaishia hapo.

Kilicho kweli ni hiki. Daktari James Parkinson alipoueleza London mwaka 1817 ugonjwa wa kutetemeka ambao leo unaitwa kwa jina lake, alitaja pia choo cha wagonjwa wake, kwamba kinakuwa kigumu na kinachelewa. Tunajua sasa kwamba kwa baadhi yao choo huanza kufunga miaka kumi na zaidi kabla mkono haujatetemeka.

Utafiti unaopendwa na wauza chupa ni wa Hawaii, uliotoka 2001. Wanaume wa miaka 51 hadi 75 walifuatiliwa kwa muda uliofika miaka 24. Kati ya waliopata choo chini ya mara moja kwa siku, waliougua walikuwa kama 19 katika kila 10,000 kwa mwaka. Kati ya waliokwenda zaidi ya mara mbili kwa siku, kama 4. Muuza chupa anasoma hapo "karibu mara tano", anafunga kitabu. Haya, tuwaweke wanaume 10,000 wa umri huo, wote choo kigumu, kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Mwaka ukiisha, 19 wana Parkinson. Wale 9,981 wanarudi nyumbani na choo chao kigumu, basi.

Na mshale wenyewe wameuchora vibaya. Ndani ya seli za fahamu za wagonjwa hawa kuna protini inayoitwa alfa-sinukleini, ambayo huganda mabonge. Mabonge hayo yameonekana ubongoni na pia kwenye neva za utumbo. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake walitoa wazo kwamba huenda yanaanzia tumboni au puani, kisha yanapanda kupitia neva ya vagasi, ile ndefu inayounganisha tumbo na ubongo. Kama ni hivyo, choo kinafunga kwa sababu ugonjwa umeshafika kwenye neva za utumbo. Kinyesi kilichokaa siku nne hakipandishi sumu popote. Kukitoa ni vizuri, mtu anapumua, lakini hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kutibu choo kigumu kunamkinga mtu na Parkinson.

Hata wazo la Braak lina matundu. Wapo wagonjwa ambao kwao mambo yanaonekana kuanzia kichwani. Denmark na Sweden walichunguza watu waliokatwa neva ya vagasi zamani kwa ajili ya vidonda vya tumbo; waliokatwa shina lake walielekea kuugua kidogo pungufu, lakini tofauti ilikuwa ndogo na ilitegemea aina ya upasuaji. Mimi naliamini wazo hilo nusu. Kuhusu Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, na tumbo, ushahidi ni mwembamba zaidi. Anayekuuzia kinga yake amekuzidi ujasiri tu.

Huku kwetu, kama unatafuta kitu cha tumboni kinachofika kichwani kweli, kipo: tegu wa nguruwe. Lakini analeta kifafa na maumivu ya kichwa, si Parkinson. Tena hata hapo watu wanakosea. Kitimoto isiyoiva yenye vifuko vya tegu inakupa tegu tumboni. Vivimbe vya kichwani vinatokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Unaweza kuvipata hujawahi kuonja nguruwe maishani.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi. Wakati watu wanaogopa utumbo mweusi, dawa ya tumbo inayotetemesha wazee iko dukani, bei ya soda: metoklopramidi, wengi wanaijua kama Plasil. Inazuia kichefuchefu na kusukuma tumbo, lakini inaingia ubongoni na kuziba milango ya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, ileile inayopungua kwenye Parkinson. Kidonge cha miligramu 10 mara tatu kwa siku si tatizo kwa siku chache. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliweka ukomo wa siku tano mwaka 2013. Mzee wa vidonda vya tumbo anayeinunua tena na tena kwa miezi anaanza kutembea kwa hatua fupi, uso unakauka, mikono inatetemeka. Kwa vijana inakuja kwa ghafla: shingo inapinda, macho yanageuka juu, ndugu wanakimbilia maombi. Hayo si mapepo. Uliza alimeza nini jana.

Angalia mlolongo unavyokwenda. Kichefuchefu, anapewa Plasil. Anatetemeka, anaandikiwa benzihekso kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Benzihekso inakausha mdomo, inafunga choo, na kwa mtu wa miaka sabini inavuruga akili. Sasa tuna mzee anayetetemeka, aliyefunga choo na anayesahau, yaani picha kamili ya ule ujumbe. Anapewa chupa, anahara siku saba, potasiamu inashuka, miguu inakosa nguvu. Hapo kila mtu anasema: si mnaona, tumbo lilikuwa limeharibu ubongo.

Dawa ya mlolongo huo ni kuacha kidonge cha kwanza, yaani Plasil. Mtetemeko wa dawa huwa unafanana pande zote mbili, wakati Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja. "Kwa kawaida" nimeliweka makusudi, maana tukimpima mgonjwa tofauti hiyo hutudanganya. Ukiacha dawa, nafuu huchukua wiki, pengine miezi sita na zaidi. Wengine hawarudi kabisa. Hao pengine ugonjwa ulikuwa umejificha, dawa ikaufichua. Siku ya kwanza sina namna ya kuwatenganisha, nasubiri kama wewe.

Kingine kinachopitia tumboni na kugusa kichwa, kwa haraka: upungufu wa vitamini B12. Omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) ya miaka mingi, au metformini (ya kisukari), inaweza kuipunguza. Ganzi miguuni, kuyumba gizani, kusahau. Hii inatibika: B12 ya sindano (haidroksokobalamini), miligramu 1 mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha kila miezi miwili au mitatu, mwenye dalili za mishipa ya fahamu huanza kwa sindano nyingi zaidi. Ukichelewa, ganzi inabaki.

Kwa mwenye Parkinson kweli, tumbo lina umuhimu mwingine kabisa: ndiyo njia ya dawa. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, na inagombania mlango na protini ya chakula. Ukiimeza na chai ya maziwa, au juu ya maharage, unaweza kukaa saa mbili umekakamaa ukidhani dawa ni feki. Imeze kwa maji, nusu saa kabla ya kula au saa moja na zaidi baada ya kula. Ikikuletea kichefuchefu mwanzoni, kula nayo kipande cha kiazi kitamu au ndizi; usiende kununua Plasil, tafadhali. Vidonge vya madini ya chuma viweke mbali nayo kwa saa mbili. Na ndiyo, mbegu za upupu zina levodopa. Zina kiasi gani kwenye kikombe chako, hujui wewe wala mimi.

Choo chenyewe kitibiwe kwa sababu kinatesa. Dona badala ya sembe, maharage, parachichi, yote yapo sokoni. Maji ndiyo tabu: Juni na Julai, kwenye baridi ya Uyole au Makete, nani anasikia kiu? Nyuzinyuzi bila maji zinaongeza kufunga. Kaa chooni baada ya kifungua kinywa, maana utumbo huamka ukila. Kama ni choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda. Isipotosha, laktulosi mililita 15 hadi 30, na uisubiri hata siku mbili ifanye kazi. Au bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku. Sanamaki ni dawa halali, tatizo ni sufuria: leo majani kiganja kimoja, kesho viwili.

Choo kilichobadilika ghafla baada ya miaka 50, chenye damu, au kinachoambatana na kukonda, sahau Parkinson, nenda ukapigwe kipimo cha utumbo mpana.

Na mzee wako akianza kutetemeka, mlete na dawa zote alizomeza miezi sita iliyopita, kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za jirani. Ile chupa pia.