Mbona Huyo Mtoto Hasemi? Kuhusu Hasira za Wasomaji wa Riwaya Nzito

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa familia, na pembeni naongoza mijadala ya wasomaji wa riwaya, hasa zile nzito, mtoto yuko hatarini, baba mlevi, mama kanyamaza, nyumba nzima inaishi kwa woga. Kuna kitu nakiona kila tukikaa kuzijadili. Ukatili wenyewe watu wanaumeza, wanajua dunia ina watu wabaya. Kinachowapandisha hasira ni mengine. Mbona mtoto hasemi? Mbona bado anampenda baba yake? Na huyo mama, mtu mzima na akili zake, anakaaje hapo? Halafu wanamalizia na neno lilelile, haiwezekani, mwandishi katunga tu. Na mara nyingi pale wanaponyooshea kidole ndo pale mwandishi alipopatia kabisa.

Chukua hilo la kusema. Watoto wengi wanaoumizwa nyumbani hawasemi, au wanachelewa sana, wengine wanakuja kusema wakiwa tayari na watoto wao, hili tafiti zimelionyesha tena na tena na sisi tunaokaa nao tunaliona. Anaogopa hataaminiwa, kashaambiwa akisema mama ndo ataumia, anaona aibu, na akiwa mdogo hajui hata kama yanayotokea kwao si ya kawaida kwa sababu kwao ndo dunia yote anayoijua. Wapo pia wanaosema leo na kesho yake wanakana, maana wameona nyumba ilivyochafuka baada ya kusema. Sasa kwenye riwaya mtoto akimjibu mwalimu "nilianguka tu", msomaji anafunga kitabu kwa hasira, na mimi naona huo ukurasa kaandika mtu anayejua watoto.

La kumpenda baba nalo ni hivohivo. John Bowlby, yule daktari wa akili wa Uingereza aliyetoa mwaka 1969 juzuu ya kwanza ya kazi yake kubwa kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi, alilieleza vizuri: mtoto akiogopa anamkimbilia mlezi wake, ndivyo alivyoumbwa, na hata mlezi mwenyewe akiwa ndo chanzo cha woga, mtoto bado anamkimbilia kwa sababu hana mwingine. Ndo maana mtoto wa kwenye riwaya akiokolewa halafu usiku analia anamtaka baba yake, usiseme mwandishi kaharibu mwisho.

Niliwahi kupewa muswada mmoja niusome, kuna msichana wa miaka 7 yuko kitandani anasikiliza funguo ya baba mlangoni. Ikiingia mara moja, anageukia ukutani analala. Ikianza kukwaruza kutafuta tundu, anashuka taratibu na kumvalisha mdogo wake soksi, maana sakafu ni ya baridi na anajua watakaa chini ya kitanda muda mrefu. Basi, soksi tu, hakuna kipigo kwenye ukurasa ule. Watu niliojadiliana nao kuhusu ile sehemu wengi walisema mtoto wa umri ule hawezi kuwa na akili za kikubwa kiasi hicho. Anaweza jamani! Seth Pollak na Pawan Sinha walichapisha utafiti mwaka 2002, waliwaonyesha watoto picha za nyuso ambazo mwanzoni hazionekani vizuri halafu zinakuja zikijitokeza kidogo kidogo, na watoto waliokuwa wamepitia vipigo waliitambua sura ya hasira mapema, picha ikiwa bado haijakaa sawa, kuliko wenzao. Hiyo akili haikuja kwa sababu mtoto kakomaa, imekuja kwa sababu nyumba imemlazimisha.

Sasa mbona tunakataa? Hapa ndo huwa naona watu wananyamaza kidogo nikiwaeleza. Mwaka 1966 kule Marekani wanasaikolojia Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi wa kike kwenye skrini mwanamke anayeonekana kupigwa shoti za umeme kila akikosea jibu, ilikuwa maigizo lakini wao hawakujua. Waliopewa nafasi ya kumtoa kwenye yale mateso karibu wote walimtoa. Ila wale walioambiwa kwamba mateso yataendelea na wao hawana la kufanya, walianza kumshusha yule mwanamke, wakamuona hana maana, hapendeki. Na aliyeshushwa kuliko wote ni yule walioambiwa kwamba amekubali kuumia kwa ajili ya wengine.

Msomaji wa riwaya yuko kwenye kiti kilekile. Anamuona mtoto anateseka kurasa 300 na hawezi kuingia kumtoa, moyo hauwezi kubeba kwamba kuna mtu anaumia bure bure, basi unatafuta kosa kwa aliye karibu, kwa mtoto asiyesema, na zaidi sana kwa mama. Mama anayevumilia "kwa ajili ya watoto" ndo mhusika anayechukiwa kuliko wote katika mijadala yangu, nimesikia akilaaniwa kuliko hata mume mwenyewe mwenye mkono. Simtetei kila mama wa kwenye kitabu, wapo wanaojua na wanafumba macho na hilo ni kosa zito, lakini nikiona aliyepiga hatajwi kabisa na mjadala umeisha wote kwa mama najua tumeshaacha kuongelea riwaya.

Na kama hakuna wa karibu wa kulaumiwa, mwandishi anabeba. Kati ya mwaka 1840 na 1841 wasomaji wa Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, walimwandikia barua kumsihi asimuue Nell, msichana mdogo wa kwenye riwaya yake, stori ikiwa bado inatoka kipande kwa kipande. Thomas Hardy, mwandishi mwingine wa hukohuko, yalimkuta makali zaidi, mwaka 1895 alitoa riwaya ambayo ndani yake mtoto anawaua wadogo zake na kujiua, askofu wa Wakefield akatangaza kwamba kaitupa kwenye moto, na Hardy baada ya zile kelele hakuandika tena riwaya, akabaki na mashairi mpaka alipofariki mwaka 1928.

Ila kuna lawama moja nakubaliana nayo moja kwa moja. Kuna vitabu ambavyo mtoto hana kitu kingine zaidi ya kuumia, hana mchezo anaoupenda, hana uongo wake, hana hata wimbo, yupo tu ili apigwe na sisi tulie, na mwandishi anakaa kwenye majeraha ya mwili wake kwa utulivu unaotia shaka. Msomaji akiniambia hicho kimemkera namwambia ana haki, akiweke chini.

Wengi huwa wanauliza, hasa waliozaa karibuni au waliokulia kwenye nyumba za namna hiyo, wasome au wasisome. Wanataka onyo mwanzoni mwa kitabu. Sipingi maonyo, ila uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha hayapunguzi maumivu ya kusoma, yanaongeza tu kidogo wasiwasi wa kabla. Kinachosaidia zaidi, kwa ninavyowaona watu wangu, ni kumuuliza aliyekwisha kukisoma yule mtoto anaishia wapi. Kama hofu yako ni kujiharibia stori, watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld mwaka 2011 waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiambiwa mwisho mapema, na walioambiwa walizifurahia hata zaidi kidogo. Kwa hiyo uliza, soma mchana usisome ukiwa peke yako usiku, ruka sura ukitaka, na ukishindwa acha. Waliokulia kwenye nyumba hizo nawaomba jambo moja la ziada, kama kitabu kinakurudishia vitu usiku wa pili na wa tatu, tafuta mtu wa kuongea naye kabla hujaendelea na sura inayofuata.