Changarawe ya pwani: njia inayotengenezwa na maji

Kwa miaka niliyotengeneza baiskeli na kuongoza waendeshaji kwenye njia za changarawe, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: tairi gani linafaa pwani yenye miamba? Nitalijibu. Ila kuna jambo linalotangulia tairi, nalo huwashangaza hata watu waliozoea barabara za vumbi. Njia ya changarawe isiyopitisha magari ina tabia zake, na ukiiendesha kama barabara ya vumbi itakuangusha.

Kwenye barabara ya changarawe ya kawaida, gari ndilo fundi. Magurudumu yake hushindilia mikanda miwili na kuzisukuma kokoto katikati na pembeni. Mwendesha baiskeli hujichagulia mkanda mmoja akatulia humo. Gari hilohilo ndilo huleta ile mikunjo kama ya bati inayomtikisa mtu mpaka meno. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwamba mikunjo hiyo hujitokeza hata kwa gurudumu la kawaida lisilo na springi, mradi mwendo upite kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho, uso hubaki sawa. Ndiyo maana kwenye njia za baiskeli na waenda kwa miguu mikunjo hiyo unaikuta mara chache, na mikono inapumzika.

Lakini mkanda ulioshindiliwa nao haupo. Kokoto zimelegea upana mzima wa njia, na anayezipanga ni maji. Mvua ikinyesha, huchukua udongo laini unaoshika kokoto pamoja, ikauteremsha, ikaacha mawe matupu kwenye mteremko na tope jembamba bondeni. Kwa hiyo ukishuka, itazame njia kama unavyotazama kijito: maji yangepita wapi? Hapo ndipo penye mifereji, na mara nyingi hukatiza kwa mshazari, pembe mbaya kabisa kwa gurudumu la mbele. Mimi huvuka mfereji nikiwa nimeulekea moja kwa moja, breki nimeziachia, nimenyanyuka kidogo kwenye siti ili miguu ibebe pigo. Kazi ya breki inakuwa imeisha kabla ya hapo, njia ikiwa bado imenyooka.

Sasa tairi. Pwani ya majabali inataka tairi nene, milimita 45 au zaidi kama fremu inaruhusu, na lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba pancha ndani. Sababu ni ukingo wa jiwe. Tairi lenye tyubu likigonga jiwe kali, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, ukiifungua unakuta matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiondoa tyubu, hakuna cha kubanwa namna hiyo, nawe unaweza kupunguza upepo bila hofu nyingi. Na upepo upunguze kweli. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 naweza kumwanzishia psi 27 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi) mbele na 30 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, kisha tunarekebisha kidogo kidogo. Tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto na kila mruko unakula nguvu zako. Lenye upepo wa wastani huzikumbatia. Utalisikia: mlio wa kugongagonga hugeuka ule wa kusagika taratibu, na kasi inapanda ingawa miguu haijaongeza kitu.

Umbali nao una hila zake ufukweni. Lewis Fry Richardson, mwanahisabati Mwingereza, aliona kwamba kadiri unavyopima pwani kwa kijiti kifupi, ndivyo pwani inavyorefuka, kwa sababu kijiti kifupi huingia kila kihori na kuzunguka kila rasi. Baiskeli ni kijiti kifupi sana. Mstari uliouchora kwa haraka kwenye ramani utakudanganya, na kwenye vilima utakudanganya zaidi, maana kila kijito kinachomwaga maji baharini kimechimba bonde lake, nawe utashuka na kupanda kila moja. Njia ya pwani ya Pembrokeshire, Wales, iliyofunguliwa mwaka 1970, ina urefu wa kilomita 300 hivi, na kupanda na kushuka kwake hukadiriwa kufika mita 10,700. Tena hiyo ni njia ya miguu, baiskeli haziruhusiwi sehemu yake kubwa. Watu wengi huchanganya hapa. Kukosekana kwa magari si ruhusa ya baiskeli, na njia nyembamba za ukingoni zina wenyewe, wanaotembea.

Pa kutafuta, kwa maoni yangu, ni reli za zamani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwenye mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walilazimika kukata miamba na kujaza mabonde ili mwinuko ubaki mdogo, na jasho lao lile ndilo linalokubeba leo. Huko Ireland, njia ya Great Western Greenway inafuata reli iliyofungwa mwaka 1937, kutoka Westport kuelekea Achill, ghuba ikiwa upande wako mmoja na mlima ukiwa upande mwingine. Kwenye njia ya namna hii hata mtoto anaweza kuiona pwani ya majabali bila kushuka kusukuma baiskeli.

Pale njia inapopita juu ya genge, nina sheria moja nisiyoilegeza: kaa upande wa nchi kavu. Mawimbi hula mwamba kutoka chini, na ukingo wenye majani mazuri juu unaweza kuwa mtupu chini yake. Ufa mdogo unaokwenda sambamba na ukingo ni onyo tosha. Ukiuona, shuka, pita mbali.

Juu ya genge ndipo upepo nao huanza kusema. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko bahari, hewa ya nchi kavu hupanda, ya baharini ikaja kujaza nafasi, na alasiri ndipo huvuma zaidi. Usiku mambo hugeuka. Kwa kuwa njia inazunguka rasi na ghuba, upepo uleule utakupiga ubavuni, kisha usoni, kisha mgongoni, ndani ya nusu saa. Usidharau ule wa usoni. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, mwili wako unakutana na hewa ya kilomita 35, na ukinzani hukua kwa mraba wa mwendo huo: zaidi ya mara 5 ya siku tulivu. Kwa hiyo mimi huanza asubuhi na kupanga kipande kirefu cha upepo wa usoni kiwe cha mapema, watu wakiwa na nguvu. Ninaouogopa kweli ni ule unaotoka bara kwa vishindo kwenye midomo ya mabonde, kwani unasukuma kuelekea ukingoni. Hapo nashuka na kutembea, na ninaowaongoza nawaambia washuke.

Chumvi haina vishindo, kazi yake ni ya kimya. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na rasharasha zake hufika mbali kuliko mawimbi yenyewe. Niliwahi kuletewa baiskeli ya fremu ya chuma yenye nguzo ya siti ya alumini, imeendeshwa ufukweni misimu kadhaa bila kufunguliwa. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Nguzo ilikuwa imeota unga mweupe, imevimba ndani ya bomba, haigeuki wala haitoki. Niliikata kwa msumeno kutoka ndani, ubavu mmoja kisha mwingine, karibu siku nzima. Kupaka grisi mapema kungechukua dakika 5. Kila safari ikiisha, mwagia baiskeli maji yasiyo na chumvi kwa utaratibu, bila mpira wa shinikizo kubwa unaoyasukuma maji ndani ya bearingi, ikaushe, halafu cheni uipake mafuta upya.

Na bahari yenyewe. Pwani nyingi hupata maji makuu mara mbili kwa siku, kukiwa na saa 12 na dakika 25 hivi kati ya moja na jingine, na wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Kama tofauti ni mita 4, saa ya kwanza hupanda sentimita 33 tu, lakini saa ya tatu na ya nne hupanda mita nzima kila moja. Anayeona maji yametulia hudhani ana muda.

Tuliwahi kufika kwenye mlango wa mto tuliopanga kuuvuka wakati wa maji kupwa. Tulikuwa tumechelewa kwa pancha mbili, maji yameanza kujaa, na kijana mmoja wa kundi letu akasema yanamfika magotini tu. Nikachomeka kijiti pale maji yalipoishia, nikamwomba tukae dakika 10. Tulikaa kimya tukikitazama. Povu lilikizunguka, likapita, na mchanga mkavu nyuma yetu ukaanza kuwa mweusi. Kijana aligeuza baiskeli bila kuambiwa. Tukazunguka kwa daraja la ndani, kilomita 11 za ziada, na tulipotokea ng'ambo, tukatazama tulipokuwa tumekaa: kijiti hakionekani, na mto umekuwa bahari.