Popo mkuyuni, ua kwenye seng'enge
Kwenye ploti yetu Kangemi, popo wa mkuyuni hurushiwa mawe, na ua jekundu linaloparamia seng'enge hupigwa picha. Nadhani tumekosea pa kuweka woga wetu.

Dhana kongwe kuliko zote ni kwamba popo hunyea kwa mdomo. Keateka wetu huapia. Haikuzuka hivi hivi: popo hawa wala matunda, Epomophorus wahlbergi, hutafuna tunda, wakameza maji yake na kutema makapi yaliyokamuliwa. Ukiyakuta asubuhi kwenye shuka uliyoanika, utadhani ni choo. Choo chenyewe hutoka nyuma, kama cha mbuzi. Popo hujigeuza kwanza, akaning'inia kwa vidole gumba ili asijichafue.

Kipofu? Macho yake ni makubwa na gizani anaona vizuri, kisha pua humwonyesha tunda lililoiva. Mnyonya damu? Popo wa damu ni aina 3 tu duniani, wote wa Amerika ya Latini. Ndege pia siye, maana huzaa na kunyonyesha. Na ule mlio wa "ting, ting" unaoudhi usiku, ambao jirani anaapa ni wa chura, ni wa dume linaloita jike huku likifunua vishungi vyeupe mabegani.

Ua nalo, Gloriosa superba, huinamisha kichwa kama popo, petali zikijikunja kwenda juu mithili ya ndimi za moto. Wengine husema yako mawili, la manjano na jekundu. Ni lile lile, linabadilika rangi likizeeka. Dhana ya hatari ni ile ya "cha porini hakidhuru". Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi chake, ambacho mtu aweza kukidhania kiazi kikuu, kimeua watu. Kutapika na kuharisha huanza saa kadhaa baada ya kula, wakati sumu imekwisha kuingia mwilini. Kolchisini hiyo hiyo hutibu jongo, lakini kwa vipimo vya miligramu, si kwa kuchemsha mizizi jikoni.

Sisemi umkumbatie popo. Anauma, na wapo popo wenye virusi, kwa hiyo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu.

Keateka ameacha mawe. La mdomo bado hajalikubali.