Mabuu ya nzi puani mwa punda: kamasi ambazo si mafua

Punda hapumui kwa mdomo. Kaakaa lake laini ni refu na limelizunguka zoloto, kwa hiyo hewa yote iendayo mapafuni hupita puani. Mtu akizibwa na mafua huachama akaendelea na shughuli zake. Punda hana njia hiyo. Ukimwona anatoa kamasi wiki ya tatu mfululizo, usiridhike kwamba zitaisha zenyewe. Huenda kichwani mwake kuna mabuu ya nzi wa pua.

Nzi hao ni wa jenasi ya Rhinoestrus, hasa Rhinoestrus purpureus na Rhinoestrus usbekistanicus, na hushambulia punda, farasi na pundamilia. Ni ndugu wa yule anayesumbua kondoo na mbuzi, Oestrus ovis. Hawatagi mayai. Mabuu huanguliwa tumboni mwa jike, kisha siku ya jua kali jike hupita kwa kasi mbele ya uso wa punda na kumrushia puani tone lenye mabuu kadhaa yaliyo hai, kila moja la karibu milimita 1. Punda wanamtambua: huinamisha vichwa, huficha pua kwenye ubavu wa mwenzao, hupiga kwato na kuacha malisho.

Buu hujishika kwa ndoano mbili nyeusi za mdomoni. Lililokomaa hufikia karibu sentimita 2. Likianguka, liokote kwa glavu ulitazame: mgongo karibu ni mtupu, lakini tumboni kuna safu za miiba midogo inayokwaruza kidole kama msasa. Msasa huo ndio unaotembea juu ya utando laini wa pua, mpaka kwenye mapango ya hewa ya mifupa ya uso, na mengine hushuka hadi kwenye koromeo na zoloto. Utando huvimba na kufanya vidonda, bakteria huingia, kamasi nyepesi hugeuka nzito za usaha, wakati mwingine zenye michirizi ya damu. Yaliyokaa kwenye koromeo humfanya punda akohoe na kumeza kwa shida. Chakula kikipotea njia na kuingia mapafuni, hapo kuna nimonia.

Katika majira ya baridi mabuu machanga huweza kulala miezi kadhaa bila kukua, ndiyo maana kamasi huanza wakati nzi wamekwisha kusahaulika. Yakikomaa hutoka kwa chafya, hujichimbia udongoni na kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi.

Ninachokihofia zaidi ni punda kuacha kula. Mwili wake hukimbilia akiba ya mafuta, na mafuta hayo humwagika kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Hali hiyo huua, na walio hatarini zaidi ni wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Punda ni mvumilivu, haoneshi maumivu kama farasi. Aliyesimama pembeni, masikio yamelegea, majani hajayagusa, huyo ni wa kumwitia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kupima kinyesi hakusaidii, maana hakuna mayai ya kutafuta. Usiyachanganye na mabuu ya nzi wengine, Gasterophilus: hayo hukaa tumboni, na mayai yake ya manjano huonekana yamegandamana na manyoya. Buu lililotoka kwa chafya ni ushahidi tosha. La sivyo daktari huingiza kamera nyembamba puani. Kamasi za tundu moja tu zenye harufu ya kuoza hunielekeza kwanza kwenye jino la juu lililooza mzizi. Homa na tezi za chini ya taya zilizovimba mpaka kupasuka ni kazi ya bakteria Streptococcus equi. Vidonda puani pamoja na vinundu kwenye ngozi huweza kuwa ugonjwa wa glanda (glanders), ambao huambukiza watu: mtenge mnyama, usimguse bila glavu, toa taarifa.

Dawa ni ivermektini ya mdomoni, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Punda wa kilo 150 anahitaji miligramu 30. Kosa la kawaida liko hapa: bomba moja la pesti ya farasi, yaani dawa laini kama ya meno, mara nyingi lina miligramu 120, dozi ya kilo 600. Ukilimaliza lote umempa mara nne. Pima kwa kanda ya uzito ya punda, kwa kuwa ya farasi hukosea, kisha funga kizuizi cha bomba kwenye kilo sahihi. Weka pesti nyuma ya ulimi, mdomo ukiwa hauna chakula, la sivyo ataitema pamoja na majani. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe usimdunge: msuli huweza kuvimba na kufanya jipu baya. Albendazoli na jamaa zake huua minyoo, si mabuu haya.

Kamasi hazikatiki siku ya dawa. Mabuu yaliyokufa lazima yatoke kwanza. Mlishe chini, kichwa kikiinama kamasi hutiririka zenyewe, na chakula kikavu kiloweke. Anayehema kwa nguvu asibebe mzigo. Msimu wa nzi mpe kivuli saa za jua kali.

Nawe unayemhudumia vaa miwani wakati huo. Jike wa nzi huyu hurusha mabuu hata kwenye macho ya watu, na jicho huwaka kama lililoingiwa na mchanga. Usilisugue, nenda hospitali yatolewe.